Mwanamke wa Mwezi wa Sita

Kibao changu kipo palepale karibu na soko la Musoma, na mwenye macho mazuri bado anaweza kukisoma: BERNADO, FUNDI BINGWA WA SAA, MWAKILISHI WA RAVESU YA USWISI. Nilikipaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe. Neno "mwakilishi" limeandikwa dogo kuliko mengine, kwa sababu nafasi ilikuwa imebana, na haya nayo ilikuwepo kidogo. Nani aliniteua? Hakuna. Kampuni ilikuwa haijui kama mimi nipo duniani. Na mimi, kama utakavyosikia, nilikuwa sijui kama yenyewe haipo.

Mimi ni mtoto wa Murangi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Kwetu mtoto wa kiume anajua kupiga kasia kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, lakini mimi nikipanda mtumbwi nilikuwa natapika kabla hatujafika kwenye nyavu. Baba alivumilia. Siku moja nikawatapikia sato wanono waliokuwa wanasubiriwa na mnunuzi ufukweni, uvumilivu ukamwisha. Akanipeleka misheni nikajifunze useremala. Huko nako nikaupasua mlango mpya wa sakristia kwa msumari mmoja. Aliyeniokoa ni bruda Mswisi aliyekuwa anatengeneza kila kitu pale, kuanzia pampu ya maji hadi kinanda cha kanisani. Aliviangalia vidole vyangu vyembamba, akasema hivi haviwezi mbao, tujaribu saa. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi: baada ya kushindwa kwingine kote.

Bruda alipostaafu na kurudi kwao aliniachia koleo dogo la ncha kali, lenzi ya kubana jichoni, na kalenda. Koleo lilipotea. Lenzi ina ufa. Kalenda ndiyo imekuwa maisha yangu.

Ilikuwa ya mwaka 1974, karatasi nzito ya kung'aa, imechapwa na kampuni ya saa iitwayo Ravessoud kusherehekea miaka mia moja tangu ianzishwe. Huku kwetu ulimi umeifupisha, tunasema Ravesu. Saa zao zilikuwa za wakubwa, za dhahabu, za kuvaliwa na watu ambao hata wakichelewa wanasubiriwa. Kila mwezi ulikuwa na picha moja ya historia ya kampuni, pembeni picha ndogo ya saa, na chini yake mistari miwili mitatu ya Kifaransa. Bruda alikuwa anaongea Kifaransa na Mungu; na sisi aliongea Kiswahili. Kifaransa changu kinaishia kwenye "bonjuu", nayo nilifundishwa na Mkongo mmoja aliyekuja kubadilisha betri.

Ningefanya nini? Nilizisoma picha.

Mwezi wa kwanza kuna mzee mwenye ndevu amesimama kwenye theluji na ng'ombe wenye kengele. Huyo nikajua ni Mzee Ravesu mwenyewe, mwanzilishi, mfugaji kama watu wa huku, aliyebuni saa kwa sababu kwao ukungu unaficha jua na ng'ombe walikuwa hawakamuliwi kwa wakati. Mwezi wa tatu kuna moto mkubwa mlimani, watu wameuzunguka: majirani wenye wivu wamechoma kiwanda cha kwanza. Mwezi wa tano kuna wanaume watatu wenye kofia ndefu, glasi mkononi, nyuso nyekundu: hao ni watoto wake wa kiume, wanakunywa mali ya baba. Na mwezi wa sita kuna mwanamke amesimama mlangoni pa kiwanda, amevaa aproni, ameshika kitita cha funguo. Hatabasamu. Anamtazama mpiga picha kama mtu anayemcheleweshea kazi. Huyo nikampa jina Adelina. Ni binti wa Mzee Ravesu. Baba alipoona wanawe wanazama kwenye glasi, akawapita wote watatu, akampa binti funguo, na binti akaisimamisha kampuni mpaka wafalme wakaja kupanga foleni.

Saa zote katika kalenda ile zinaonyesha wakati mmoja, saa nne na dakika kumi. Hilo nalo nililitolea maelezo: ndiyo saa ambayo funguo zilikabidhiwa. Watu walikuwa wanatikisa kichwa kwa heshima. Sijui niliyatoa wapi maneno hayo, ila nilipoyasema mara ya kumi nikayaamini kabisa.

Kazi ya saa yenyewe imekuwa ya msimu, tena msimu wa ukame. Simu zimeingia, kila mtu ana saa mfukoni. Mimi nabadilisha betri, nakaza mikanda, na siku mbaya nauza chaja za simu, yaani nauza risasi za kuniulia mwenyewe. Mke wangu Pelagia ana meza ya dagaa sokoni, na nyumba yetu ya mtaa wa Kitaji inaendeshwa na dagaa, si na Uswisi. Akinikuta nimekunja mikono mbele ya kalenda husema, "Baba Lilian, hebu waulize hao Waswisi wako kama leo wanatuma unga." Saa niliyovaa mwenyewe imesimama tangu mwaka juzi. Mganga hajigangi. Ukiniuliza wakati, nautazama mkono kwa madaha, halafu nachungulia kivuli cha nguzo ya umeme.

Hata hivyo hadithi iliendelea kuniletea watu. Nimeisimulia kwenye sherehe za kumuaga bibi harusi na kwenye foleni ya kinyozi. Nimealikwa hata kwenye mahafali ya shule moja kule Butiama, nizungumze juu ya kutunza muda, nikafika nimechelewa. Walinipigia makofi kuliko mgeni rasmi. Niliporudi Musoma ndipo nikaongeza lile neno la mwakilishi kwenye kibao.

Kati ya wasikilizaji wangu wote, aliyenisikiliza kwa makini kupita kiasi ni Mzee Mwandu.

Mzee Mwandu ni mkulima wa pamba na mfugaji wa Mugeta, wilaya ya Bunda. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na fundi mitambo mmoja Mswisi, siku ya kuondoka, alimwachia saa yake kama asante ya kumtunzia mbwa. Ilikuwa Ravesu hasa, saa ya kutia ufunguo, yaani ile isiyojua betri: unazungusha kile kichwa kidogo cha pembeni kila siku, la sivyo inasimama. Kila baada ya mavuno alikuwa anakuja Musoma niisafishe.

Mara ya kwanza aliponiletea, niliifungua, nikaisafisha, nikaitia mafuta. Na kwa kuwa mimi ni bingwa, nikairekebisha majira, maana niliikuta imekosea saa sita nzima. Kesho yake asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni pa kibanda.

"Fundi, umeniharibia saa."

"Nimeiharibu vipi, mzee wangu?"

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa moja."

"Haya, angalia mshale upo wapi."

Mshale ulikuwa kwenye saba. Nikamweleza kwa upole wa mwalimu wa chekechea kwamba saa zote ndivyo zilivyo, mshale ukiwa kwenye saba sisi tunasema saa moja.

"Kwa hiyo yenyewe inadanganyaga, halafu wewe unaisahihisha kwa mdomo," akasema. "Mimi ya kwangu inasemaga kweli. Ikifika saa moja, mshale unakaa kwenye moja. Irudishe ilivyokuwa."

"Lakini mzee, Waswisi hawakuitengeneza hivyo."

"Wao wametengeneza. Mimi ndo navaa."

Nikairudisha, huku namcheka moyoni. Mzee huyu, nikasema, amepewa saa ya wafalme, anaivisha shuka la lubega.

Historia yangu aliipenda, lakini kwa namna yake. Hakuuliza habari za wafalme wala dhahabu. Alikuwa anakaa kwenye kigoda changu, anasema, "Niambie ya yule mama wa funguo." Namwambia. Anauliza, "Na wale wanaume walikubali?" Namjibu kwamba walinung'unika, mwisho wakanyamaza. Anaguna, anachukua saa yake, anaondoka.

Mwaka huu alikuja ameshikwa mkono na binti yake, Ghati. Mzee alikuwa ameugua kiharusi, na mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Ghati ni mjane wa miaka arobaini na kitu, mrefu kama marehemu mama yake Mkurya, si mtu wa maneno. Alirudi kwa baba yake baada ya kufiwa na mume, na tangu hapo ndiye anayelima pamba, anayepeleka ng'ombe joshoni kuogeshwa dawa, anayewajua mmoja mmoja kwa jina na kwa tabia. Kaka yake, Fredy, yuko Bunda mjini, ana ofisi ya bima na mashati yaliyonyooka. Ni mtoto wa kiume pekee, na kwa desturi ya ukoo wao zizi huwa la mtoto wa kiume. Alishasema wazi atakachofanya akilipata: atauza ng'ombe, atauza na shamba, ajenge nyumba ya wageni mjini. Ghati angebaki na kanga zake.

Mzee aliketi, akaomba mwezi wa sita. Niliusimulia vizuri kuliko siku zote, kwa sababu Ghati alikuwa anaitazama ile picha bila kupepesa. Nilipomaliza, mzee akaniuliza, "Fundi, hiyo ni kweli?"

"Mzee, imechapwa," nikasema. "Uswisi."

Akaitikia kwa kichwa. "Jumamosi ya wiki ijayo nina kikao cha ukoo. Nataka niseme mbele yao kwamba zizi na shamba nampa huyu hapa. Nikisema mwenyewe tu, watasema ugonjwa umepanda kichwani. Uje na kalenda yako, uwasomee."

Ghati akainamisha uso. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Na mimi, badala ya kuogopa, nikavimba. Hatimaye Ravesu ilikuwa na kazi ya mwakilishi.

Aliyeogopa kwa niaba yangu ni Pelagia. Asubuhi ya safari alinikuta napiga pasi suti ya harusi yetu.

"Baba Lilian, mashamba ya watu siyo hadithi za kibandani. Hayo maandishi yanasema nini, unajua?"

"Historia hii naijua kama Baba Yetu," nikamjibu.

"Baba Yetu ulifundishwa kwa lugha unayoijua," akasema, akajitwisha beseni lake la dagaa, akaenda sokoni.

Nilifika Mugeta nimechelewa, kama ilivyo kawaida ya bingwa wa saa. Kikao kilikuwa kwenye ghala, kwa sababu nje upepo ulikuwa unavumisha vumbi, na wazee walikuwa wameketi juu ya magunia ya pamba ambayo hayajachukuliwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kwangu, mdogo wake Mzee Mwandu, mtu wa mila, asiyecheka ovyo. Fredy alikaa karibu na mlango, simu mkononi. Ghati hakukaa. Alisimama nyuma kabisa, karibu na ndoo mbili za kunyweshea ndama.

Mzee Mwandu alisema maneno machache. Zizi na shamba, nampa Ghati. Watu wakaguna.

"Kaka," Mzee Kwangu akasema, "hilo sisi hatujawahi kuliona."

"Ndo maana nimemwita huyu fundi. Wapo walioliona."

Nikatundika kalenda kwenye msumari, nikaanza. Ndugu yangu, nilisimulia! Nilipofika kwa wale walevi watatu, wazee wote walimgeukia Fredy. Nilipofika kwa Adelina nikashusha sauti, nikauliza nani angeokoa kazi ya baba, na shangazi mmoja akajibu kutoka nyuma, "Si huyo huyo binti!" Nikawaonyesha saa nne na dakika kumi katika miezi yote kumi na miwili. Walitikisa vichwa.

"Na hiyo kampuni ikasimama?" Mzee Kwangu akauliza.

"Mpaka leo, mzee wangu."

Akakuna kidevu. "Kama watu wa saa wenyewe wamefanya hivyo..." Hakumaliza, lakini nyuma kule niliona mabega ya Ghati yakishuka, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani.

Hapo ndipo Fredy akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anatabasamu.

"Samahani wazee. Fundi, naomba niisogelee hiyo kalenda. Hapo chini ni Kifaransa, si ndio? Simu yangu inatafsiri. Napiga picha tu, yenyewe inasoma."

Nilikuwa najua simu zimeua kazi yangu. Sikujua zimebakiza risasi moja.

Akaanza na mwezi wa kwanza. "'Mkulima jirani yetu na ng'ombe wake wakati wa baridi.'" Mtu mmoja akacheka. Mwezi wa tatu: "'Moto wa sherehe ya kuaga majira ya baridi.'" Wakacheka wengine. Mwezi wa tano: "'Wakurugenzi wetu, wajukuu wa mwanzilishi, wakiinua glasi kuitakia kampuni heri.'" Ghala zima likalipuka kwa kicheko, mzee mmoja akateleza kutoka juu ya gunia lake, akaendelea kucheka akiwa chini. Na mimi ningecheka, kama suti isingekuwa inanibana.

"Simu zinakoseaga," nikasema. "Hata ya kwangu juzi..."

"Mwezi wa sita," Fredy akasema.

"'Bi Berthe, mfagiaji wetu. Kwa miaka arobaini ndiye aliyefungua mlango wa kiwanda kila alfajiri.'"

Hakuna aliyecheka. Fredy akaendelea kugusagusa kioo cha simu. "Na kampuni yenyewe nimeitafuta hapa. Ilifungwa mwaka 1981, saa za betri za bei rahisi zilipoingia. Kiwanda kilivunjwa, sasa hivi pale wanaegesha magari." Akanigeukia kwa adabu zote. "Sasa fundi, wewe ni mwakilishi wa nani?"

Miaka yote ile nilikuwa mwakilishi wa marehemu, na hata msibani sikualikwa. Ingekuwa kibandani kwangu, ningegeuza mzaha yakaisha. Lakini nilimtazama Ghati. Alikuwa ameokota ndoo, si kwa sababu anakwenda popote, ameishika tu kwa mikono miwili. Niliumia. Si kwa ajili ya jina langu, hilo halikuwa na bei kubwa. Niliumia kwa sababu mdomo wangu ulimpa Ghati zizi, na sasa mdomo huohuo ulikuwa umemnyang'anya mbele ya ukoo wake wote.

"Basi," Mzee Kwangu akasema. "Hoja imeanguka. Mfagiaji si mrithi."

"Fredy," Mzee Mwandu akaita. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu watulie. "Saa ngapi?"

Nilijisahau nikatazama mkono wangu, kwenye saa iliyosimama. Fredy akatazama simu. "Saa tano na dakika ishirini, baba."

"Hapo kwenye simu pameandikwa ngapi? Soma kama palivyo."

"Kumi na moja na dakika ishirini."

"Na wewe umesema tano."

"Ndo tunavyosomaga, baba. Kila mtu anasomaga hivyo."

"Nani alikufundisha kusema tano mahali pameandikwa kumi na moja?"

Fredy akaishusha simu. "Wewe."

"Uliwahi kuchelewa shule kwa sababu ya hiyo?"

"Hapana, baba."

"Basi sisi maandishi ya Wazungu tunayasomaga kwa majira ya kwetu, na kazi zinakwenda. Huyu fundi ni mwongo." Akaninyooshea ule mkono unaotetemeka. "Lakini kusoma, amesoma kama tunavyosomaga."

Sijawahi kutukanwa nikashukuru namna ile.

"Sasa soma tena hapo," mzee akamwambia mwanawe. "Huyo mama ameshika nini?"

"Funguo."

"Na hao wakurugenzi, alfajiri walikuwa wapi?"

Yule mzee aliyeteleza kutoka kwenye gunia akamjibia Fredy kutoka chini: "Wamelala!"

Safari hii aliyechekwa si mimi. Mzee Mwandu hakucheka. Alikuwa anahangaika kuvua saa yake, na vidole vilikuwa vinakataa. Ilipomtoka mkononi ikaangukia kwenye pamba. Mzee Kwangu akainama akaiokota.

"Iweke sikioni. Inatembea?"

"Inatembea."

"Hiyo ni saa ya ufunguo, Kwangu. Ukiiacha siku moja tu, inakufa. Mimi mkono huu hauwezi tena tangu niugue. Kabla ya kwenda kukamua, asubuhi, kuna mtu anakuja kuitia ufunguo. Wewe unalalaga nyumba ya pili hapo. Sema ni nani."

Mzee Kwangu aliitazama ile saa muda mrefu. Najua alichokuwa anakiona: mshale mfupi umekaa kwenye tano, kama mwenyewe alivyotaka, kinyume na dunia nzima.

"Ni Ghati," akasema.

"Basi habari za Uswisi mwachieni fundi," Mzee Mwandu akasema. "Mimi nimeshasema yangu."

Mzee Kwangu akainuka kutoka kwenye kiti cha mwenyekiti. Akampita Fredy, akanipita na mimi na kalenda yangu, akaenda mpaka nyuma kwenye ndoo. Ghati ilimbidi aitue ile ndoo ili apokee saa.

"Ndama hawajanywa," Mzee Kwangu akamwambia. "Kawanyweshe ndama wako."

Wako. Ukoo mzima ulilisikia neno hilo, na hakuna aliyelipinga. Ghati aliivaa saa kwenye mkono wake, akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akatoka na ndoo zote mbili.

Fredy ndiye aliyenikunjia kalenda. "Fundi," akasema, "hadithi yako ilikuwa nzuri kuliko ya kwao." Nadhani alikuwa ananitukana. Nimeamua isiwe hivyo.

Nilipofika Musoma, habari zilikuwa zimenitangulia kwa simu, kama kila kitu siku hizi. Pelagia alisimama katikati ya soko, beseni kichwani, akapaza sauti: "Jamani, mpisheni mwakilishi wa marehemu!" Wauza sangara mpaka leo wananiita hivyo. Nimejaribu kulifuta lile neno kwenye kibao, nimesugua kwa petroli na kwa msasa, halitoki. Rangi niliyonunua ilikuwa ya kweli kuliko historia yangu.

Kalenda bado nimeitundika. Siku hizi nawaambia watu ukweli mtupu: huyu ni jirani na ng'ombe wake, huu ni moto wa sherehe, hawa ni wakurugenzi, na huyu ni Bi Berthe, mfagiaji, aliyefungua mlango kwa miaka arobaini. Nilidhani wataondoka wakishasikia hivyo. Hawaondoki. Wanasimama mbele ya mwezi wa sita, wanamtazama yule mama na funguo zake, halafu lazima mmoja aulize: sasa mali ilirithiwa na nani?

Nami nawajibu kama ilivyokuwa. Ilirithiwa na Ghati Mwandu, wa Mugeta.